MBIO ZA PIKIPIKI MSITUNI: MATAYARISHO NA UENDESHAJI

Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, Afisa Misitu, aliyoitoa bwaloni siku ya mkutano wetu wa mwaka. Imechapwa kwa maombi ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Tano.

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapenzi, ndugu zangu tuliokula pamoja maharage ya bwalo hili, nanyi wadogo zangu mnaoendelea kuyala,

Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze juu ya "jambo lolote lenye manufaa kwa vijana". Nilikuwa nimekwisha tayarisha maneno ya kurasa sita kuhusu vitalu vya miche, na maneno hayo ninayo hapa mfukoni. Lakini jana jioni nilipofika kwa pikipiki, vijana wa Kidato cha Tatu walinizunguka pale chini ya mwembe, wakaniuliza mambo ya mbio za msituni ambazo wamesikia niliwahi kushiriki nilipokuwa masomoni Marekani. Waliuliza maswali mazuri kuliko niliyowahi kuulizwa kuhusu miche. Basi, kwa ruhusa ya Ndugu Mwenyekiti, kurasa sita zitabaki mfukoni.

Kwanza tuelewane ni mbio gani. Sisemi motokrosi, ambayo hukimbiwa katika uwanja wenye vilima vya kutengeneza, watu wakitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Mbio za msituni hukimbiwa katika kijinjia chembamba kipitacho kati ya miti, juu ya mawe, magogo, mizizi, vijito na tope, na mahali pengi hakuna mtazamaji isipokuwa ndege. Ziko za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni enduro ya kushika saa: kila mtu hupewa dakika yake ya kuondoka, hutakiwa kwenda kwa mwendo wa wastani uliopangwa, aghalabu maili 24 kwa saa, na humo njiani kuna vituo vya kumkagua ambavyo hajui viko wapi. Akichelewa hukatwa alama. Akiwahi hukatwa zaidi! Nadhani ni mchezo pekee ninaoujua ambao haraka ina adhabu kubwa kuliko uzembe, na kwa sababu hiyo nimewahi kupendekeza ofisini kwetu tuuige, wenzangu wakacheka.

Namna ya pili ni rahisi kueleza. Watu hupangwa safu kwa safu kufuata madaraja yao, injini zimezimwa, ishara ikitolewa kila mtu anawasha na kuondoka, na anayemaliza mizunguko mingi kabla ya wakati kwisha ndiye mshindi. Wamarekani wameupa mchezo huu jina lenye maana ya purukushani za sungura. Mashindano makubwa ya namna hii huko kwao huchukua saa 3 hivi, na mzunguko mmoja huweza kuwa maili 10. Hizi za pili ndizo nilizokimbia mimi.

Mchezo wenyewe si wa juzi. Mashindano ya Kimataifa ya Siku Sita yalianza mwaka 1913 huko Carlisle, Uingereza, yakiwa ni majaribio ya kupima uimara wa pikipiki na waendeshaji wake. Mwaka 1981 jina likabadilishwa, neno "majaribio" likatoka na neno "enduro" likaingia. Mcheza sinema Steve McQueen alishiriki mwaka 1964, yalipofanyika Erfurt, Ujerumani ya Mashariki ya wakati ule. Na huko West Virginia, jimbo nililosoma mimi, katika mji mdogo wa Davis yalikuwako tangu 1975 hadi 1993 mashindano ya maili 100 ambayo wazee wa huko hawachoki kuyasimulia: mto, kinamasi, mawe, kisha mto tena, na wengi wa walioanza hawakumaliza. Mimi nilifika yamekwisha zamani, na kwa hakika nashukuru.

Nilikwenda huko mwaka 2009 kwa masomo ya miaka 2 ya misitu. Mwanafunzi mwenzangu, mtoto wa mkulima, alikuwa na pikipiki mbili, akaniuzia ile kuukuu kwa bei ya kirafiki. Ilikuwa KTM ya cc 200, injini ya mipigo miwili, ile ambayo oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Uzito wake karibu kilo 100 tu. Vijana, hapa wengi wenu mtasema cc 200 ni ndogo, maana jana mmoja wenu aliniuliza kwa nini sikununua cc 500. Msituni huendi kwa nguvu, huendi kwa kasi ya barabarani. Unanyanyua pikipiki kutoka shimoni mara ishirini kwa siku, na mara ya ishirini utajua faida ya kila kilo ambayo haipo.

Mashindano yangu ya kwanza sikuyamaliza. Nilikuwa na umri wa miaka 28, mrefu, mwenye majivuno ya mtu aliyeendesha pikipiki ya kazi milimani Usambara kwa miaka mitatu. Nilijaza matairi paundi 28, kama ya barabarani. Asubuhi nilikunywa kikombe kimoja cha kahawa kwa sababu ya wasiwasi, nisile kitu. Nikaondoka kwa vishindo, nikawapita watu wanane katika uwanja wa wazi, na nilipoingia msituni nikawarudisha wote wanane mmoja mmoja. Tairi lilikuwa gumu kama ngoma, likiruka juu ya kila jiwe. Nilishika usukani kwa nguvu zote nisianguke, na katika muda wa dakika 40 misuli ya mikono kuanzia viwiko hadi viganja ikakaza hata vidole vikakataa kuvuta klachi. Katika mzunguko wa pili nilikaa juu ya gogo, nikatapika kahawa yangu, nikasukuma pikipiki hadi maegeshoni. Mtoto wa miaka 13 wa daraja la vijana aliniuliza kwa adabu kama nahitaji msaada.

Basi yale nitakayoyasema sasa nimeyalipia.

Matayarisho ya pikipiki yanaanza na chujio la hewa, na ningeweza kuishia hapo. Chujio la pikipiki za aina hii ni sponji. Hufuliwa kwa mafuta maalumu au dawa yake, likakamuliwa pasipo kusokotwa, likaachwa likauke kabisa, kisha hupakwa oili nzito yenye kunata mpaka rangi yake ienee sawa kila mahali, na ukingo wake hupakwa girisi ili vumbi lisipate upenyo. Vumbi likipita hapo linaingia kwenye silinda na kusaga ringi kama msasa. Injini haitakufa siku hiyo. Itakufa taratibu, nawe utamlaumu fundi. Mimi baada ya kila mashindano nilifua chujio kabla sijafua soksi.

Matairi: paundi 12 hadi 14 kwa inchi ya mraba zilinitosha mimi, mtu wa kilo 75, nikitumia mpira wa ndani mzito. Tairi laini hulikumbatia jiwe na mzizi, tairi gumu huurukia. Lakini ukipunguza upepo hivyo ni lazima uwe na kile kibano kinachobana tairi kwenye rimu, la sivyo tairi litazunguka peke yake na kung'oa kinywa cha mpira. Ukishuka chini zaidi ya hapo, jiwe moja lenye ncha litaubana mpira kwenye rimu na kuutoboa matundu mawili, kama alama ya meno ya nyoka. Spoki zigonge moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inagugumia.

Mnyororo usiukaze sana. Hili nalisema mara mbili kwa sababu hata nyumbani kwetu naliona kila siku: mnyororo usiukaze sana. Gurudumu la nyuma linapopanda juu kwa kuminywa na jiwe, mnyororo hukazika zaidi, na kama hauna nafasi, basi kitakachoumia ni beringi za gia au mnyororo wenyewe. Mwombe mtu mzito akalie pikipiki, au wawili, ndipo upime ulegevu wake.

Springi ya nyuma nayo hupimwa na mwenye pikipiki akiwa ameikalia na mavazi yake yote. Inatakiwa izame kiasi cha theluthi moja ya mwendo wake wote. Kwa pikipiki kubwa za msituni ni kama milimita 100. Wengi hununua vipuri vya fedha nyingi na hawajawahi kupima jambo hili ambalo halihitaji zaidi ya futikamba na rafiki.

Mikono ya klachi na breki isifungwe kwa nguvu zote. Funga kiasi kwamba ukiisukuma kwa kiganja kwa nguvu inazunguka. Ukianguka itazunguka na kubaki nzima. Iliyofungwa kama jela itavunjika. Nao usukani wengi huukata ncha kidogo kila upande, kwa maana kuna miti ambayo haikushauriwa wakati njia ilipopangwa.

Kuhusu vifaa vya kubeba sitasema mengi. Spana mbili tatu zinazofaa pikipiki yako, plagi moja kavu iliyofungwa katika nailoni, kipande cha waya, kiungo cha mnyororo. Usibebe karakana.

Mwili ni habari nyingine. Ndugu zangu wa rika langu wanakumbuka mchakamchaka wa saa 11 alfajiri, na jinsi tulivyoulaani. Naam, ule ule ndio dawa. Mpanda pikipiki msituni moyo wake unadunda kwa saa nzima kama wa mkimbiaji, ingawa watu husema "si amekaa tu, injini inafanya kazi?" Kwanza hajakaa, muda mwingi amesimama. Nilikimbia siku tatu kwa juma na kupasua kuni kwa yule mkulima siku ya nne, na kuni zilinisaidia zaidi. Kula jioni ya kuamkia mashindano chakula cha kawaida ulichozoea, kingi. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, kula tena: mimi nilipika uji mzito na kuongeza ndizi mbili, na majirani zangu wa hema walikuja kuchungulia sufuria. Maji kunywa tangu jana yake, na njiani kunywa kabla ya kiu, kwa mfuko wa maji unaobebwa mgongoni wenye mrija wa kunyonyea. Kiu ikishakuja umekwisha chelewa.

Mavazi: helmeti inayokaa sawasawa, miwani, glovu, kinga ya kifua na ya magoti, na mabuti magumu yanayofika karibu na magoti. Helmeti iliyokwisha pokea pigo kubwa haifai tena hata kama haina ufa unaoonekana. Ndani yake kuna povu linalominyika mara moja kwa ajili yako, na halirudi. Mabuti mengi wakati wa kuanza huonekana ni mzigo. Nimeona kifundo cha mguu kilichopita kati ya pikipiki na kisiki bila buti, na sitaki kukieleza wakati watu wamekwisha kula.

Sasa uendeshaji.

Simama juu ya vikanyagio. Uzito wako uwe miguuni, si makalioni wala mikononi. Magoti yabane tangi, viwiko vitoke nje kidogo, na mikono ishike usukani kwa wepesi, kama mtu aliyeshika kuku ambaye hataki kumuumiza wala kumwachia. Kidole kimoja kikae juu ya klachi na kimoja juu ya breki wakati wote. Macho yaende mbele, si kwenye gurudumu. Pikipiki huenda linapokwenda jicho: ukiutazama mti utaugonga, ukitazama nafasi iliyo kando ya mti utapita. Nilidhani hii ni methali ya makocha mpaka nilipougonga mwaloni mmoja niliokuwa nimeutazama kwa uangalifu mkubwa kutoka mita 30.

Mizizi ndiyo iliyonipa taabu zaidi, na hapa mniruhusu nizungumze kidogo kama mtu wa misitu. Mti haupeleki mizizi yake yote chini kama watu wanavyofikiri. Sehemu kubwa ya mizizi hutambaa karibu na uso wa ardhi, ambako ndiko kuna hewa na chakula. Penye mteremko na udongo mwembamba mizizi hutokeza juu kabisa. Pikipiki ya kwanza inaubandua mzizi ganda, na mzizi uliobanduliwa ukilowa unateleza kama samaki. Pikipiki ya mia moja inapopita hapo hakuna udongo tena, ni mizizi mitupu. Kwa hiyo vuka mzizi ukiwa umeukabili sawasawa, kama herufi ya msalaba. Ukiupitia kwa ubavu gurudumu la mbele litaufuata nao utakulaza. Usifunge breki juu ya mzizi. Usiongeze moto juu ya mzizi. Fanya yote mawili kabla, kisha pita kimya. Nao mwezi wa Oktoba huko majani yote hupukutika na kuifunika njia nzima, hata ikawa unaendesha juu ya zulia zuri la rangi ya dhahabu ambalo chini yake kuna nyoka mia. Sisi wa Usambara tuna nyoka wetu: maganda ya mikaratusi yaliyoanguka njiani baada ya mvua. Sheria ni ile ile.

Gogo nalo hukabiliwa sawasawa. Karibia polepole umesimama, gurudumu la mbele likikaribia kuligusa ongeza moto kidogo na kwa ghafla ili mbele pawe pepesi, na likikwisha panda funga moto, acha la nyuma lifuate lenyewe. Wanafunzi wa mchezo huu huanguka kwa kuendelea kutia moto gurudumu la nyuma likiwa juu ya gogo. Gurudumu linateleza pembeni na gogo linabaki na ushindi.

Katika tope, chagua gia ya juu kuliko unayodhani inakufaa, mwendo usiobadilika, na usisimame. Tope la mfinyanzi wa West Virginia ni la kijivu. Letu la Usambara ni jekundu. Tabia ni moja. Kwenye mfuo uliochimbwa na wenzako waliotangulia, tazama mbali na uache miguu juu ya vikanyagio. Anayetazama mfuo hupanda ukingo wake. Mlimani tumia mwendo ulioupata chini, kwa sababu katikati ya mlima hakuna mahali pa kuutafuta. Ukishindwa katikati, usipigane. Zima, acha gia, laza pikipiki upande wa juu wa mlima, igeuze taratibu hadi itazame chini, shuka, rudi tena. Kushuka, kaa nyuma, acha injini izuie, breki zote mbili kwa utaratibu, na usivute klachi ukajikuta uko huru kama jiwe.

Mtoni, tazama waliotangulia wanatokea wapi, si wanapoingilia. Na kama umeangusha pikipiki majini ikameza maji, tafadhali usikanyage kiki kwa hasira. Maji hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha utapinda konrodi. Toa plagi, nyanyua mbele ya pikipiki juu ili bomba la moshi limwage maji yake, kisha kanyaga kiki plagi ikiwa nje mpaka isiteme maji tena. Kamua chujio. Weka plagi kavu. Ndiyo maana niliwaambia mbebe moja katika nailoni.

Njia huonyeshwa kwa mishale na tepe zilizofungwa mitini, na penye njia isiyo yenyewe hubandikwa herufi W, maana yake umepotea. Ukipita dakika mbili hujaona tepe wala alama ya tairi, rudi. Kiburi kimewalaza watu msituni.

Sasa, ndugu zangu, kuna jambo ambalo sikukusudia kulisema jana, lakini usiku nimelifikiri nikaona kwamba nikiwafundisha hawa vijana kupanda gogo na nisiwaambie hili, nitakuwa nimewadanganya.

Mashindano yangu ya tatu yalikuwa Oktoba 2010, katika shamba la mtu, mashindano madogo ya wilaya. Nilikuwa daraja la wanaoanza. Katika mzunguko wa mwisho mtu mmoja pembeni ya njia alinionyesha vidole vinne, kwamba mimi ni wa nne katika daraja langu. Watatu wa kwanza hupewa kikombe. Nilipoingia katika bonde la mwisho nikaona pikipiki imelala nusu njiani, na mwenyewe ameketi ameegemea mti, mkono mmoja ameushika kwa mkono mwingine kifuani. Aliponiona aliinua mkono mmoja. Asubuhi kabla ya kuondoka tulikuwa tumeelekezwa kwamba aliyeanguka akiwa mzima ainue kidole gumba. Je, aliinua kidole gumba? Sijui. Niliona mkono. Nilikuwa na muda wa sekunde mbili wa kuamua mkono ule unasema "pita" au unasema "simama", na nikachagua maana iliyonifaa mimi. Nilipita. Nilijiambia kwamba nyuma yangu wako wengi, na kwamba msimamizi hayuko mbali.

Yule mtu ndiye aliyekuwa wa tatu.

Nyuma yangu hawakuwako wengi. Ilikuwa mwisho wa saa, na walio wengi walikuwa wamekwisha maliza au wamekwisha acha. Walimpata baada ya dakika 25. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na mbavu mbili, na kwa vile alikuwa amelowa jasho na jua limeshuka, alikuwa akitetemeka kiasi cha kushindwa kutaja jina lake. Alipona. Lakini mbavu mbili hizo zingeweza kuwa habari nyingine, na hakuna aliyejua, mimi nikiwa wa kwanza katika kutojua.

Nilipewa kikombe. Yule bwana, mkono wake umefungwa shingoni, akisubiri kupelekwa hospitali, alikuja kunipa mkono wa kushoto na kunipongeza. Hakunitambua, kila mtu ndani ya helmeti ni sawa. Sikumwambia. Nimekuwa na miaka mingi ya kufikiri ningemwambia nini, na mpaka leo sina sentensi nzuri. Kikombe ninacho nyumbani, mke wangu anawekea kalamu.

Basi ukimkuta mwenzako ameanguka: simama. Zima injini ili msikilizane. Muulize jina lake na leo ni siku gani. Akijibu vizuri na akisema nenda, nenda. Asipojibu vizuri, weka pikipiki yako juu kidogo ya njia, kabla ya mahali alipo, ili anayekuja aione kwanza, maana aliyelala njiani hugongwa mara ya pili. Usimvue helmeti ikiwa anapumua. Usimnyanyue. Mfunike. Anayefika baada yako mtume kwa msimamizi wa mbele, naye aseme mahali hasa: baada ya kijito gani, kabla ya kilima gani. Wewe baki. Mashindano mengi huwa na utaratibu wa kuwafikiria waliosimama kusaidia, lakini hata pasipokuwa nao, baki.

Nimekwisha wachosha, Ndugu Mwenyekiti, nami naona Mwalimu Mkuu anatazama saa. Maneno mawili ya mwisho, moja kwa vijana na moja kwa wakubwa.

Vijana, msitoke hapa mkaenda kushindana katika msitu wa hifadhi hapo mlimani. Mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuwakamata, tena nimesoma nanyi shule moja. Njia ya pikipiki msituni ikishakatika mizizi huwa mfereji, na mvua za masika moja zinatosha kuugeuza mfereji huo kuwa korongo. Yule mkulima mwenye shamba alitupa majembe kesho yake, tukachimba vizuizi vya maji kuvuka njia nzima, kila hatua kumi penye mteremko. Kazi ile ilichukua siku mbili, na ilikuwa sehemu ya mashindano. Atakayetaka kujifunza aanze katika shamba la baba yake, kwa idhini ya baba yake, akiwa na jembe.

Kwa ndugu zangu wakubwa: wengi wetu tuna vijana wanaoendesha bodaboda, wengine walipita shule hii hii. Haya ya chujio, ya mnyororo, ya helmeti iliyokwisha pigwa, na ya kumsimamia aliyeanguka, hayahitaji msitu. Ukiona mnyororo wa kijana umekazwa kama gitaa, mwambie.

Pikipiki yangu iko chini ya mwembe. Baada ya chai nitafungua chujio, nitalifua na kulipaka oili mbele ya yeyote anayetaka kuona. Naomba mmoja wenu aje na beseni, na mwingine aje na sabuni ya kunawia mikono, maana oili ile haitoki kwa maji matupu.